Meza ya Karata ya Kiingereza Yenye Laka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mara napokea picha ya meza ndogo, nyeusi au nyekundu, yenye ndege wa dhahabu na vijumba vya Kichina, na chini yake ujumbe mfupi: hii ni kitu gani, na nimpe fundi aing'arishe? Kazi yangu ni kutunza samani za kale, na meza hizi nazipenda kuliko nyingine zote. Kuhusu kumpa fundi aing'arishe, jibu ni hapana. Sababu zimo humu, pamoja na mengine ambayo watu huuliza.

Hii ni meza ya namna gani hasa?

Ni meza ya kuchezea karata, kazi ya maseremala wa Uingereza. Zinazotafutwa sana ni za kati ya mwaka 1700 na 1760 hivi, yaani enzi za Malkia Anne na za wafalme wawili wa kwanza wenye jina la George. Ina miguu minne, mara nyingi iliyopinda kama goti la mnyama na kuishia na unyayo wa mviringo. Sehemu ya juu ni mbao mbili zilizolaliana na kuungwa kwa bawaba za shaba. Ikifungwa, inakuwa meza nyembamba ya kuegemeza ukutani. Ikifunuliwa, inakuwa mraba wa karibu sentimita 80 hadi 90 kila upande, na ndani yake utakuta kitambaa cha sufu cha kijani, jamaa ya kile kinachotandikwa kwenye meza ya pool.

Meza za karata za mjozi na za mahogani zipo nyingi. Hii yetu inatofautiana nazo kwa kuwa mbao haionekani kabisa: imefunikwa laka, yaani matabaka ya vanishi yenye rangi, na juu yake pakachorwa bustani, madaraja, korongo na watu wenye mavazi mapana.

Kwa nini walitaka meza inayokunjwa?

Katika nyumba za wenye nacho wa wakati ule samani zilipangwa kando ya kuta, katikati ya chumba pakaachwa wazi. Wageni wakija, watumishi walisogeza meza na viti, mchezo ukiisha wakavirudisha mahali pake. Meza ya karata kwa hiyo ilikaa imefungwa saa nyingi za siku, na ndiyo maana mapambo mazuri kuliko yote huwa kwenye ubao wa juu na kwenye fremu ya mbele, panapoonekana na kila anayeingia.

Kuna njia mbili za kuibeba nusu ya pili inapofunuliwa. Ya kwanza ni mguu mmoja wa nyuma unaozungushwa kwa bawaba ya mbao hadi ukafika chini ya ubao. Ni rahisi na inafanya kazi, ila pembe moja inabaki bila mguu wake. Ya pili ni fremu ya nyuma iliyokatwa vipande na kutiwa bawaba ili ijikunje kama akodiani; ukiivuta, miguu yote miwili ya nyuma hutoka pamoja na kila pembe ikapata mguu wake. Hiyo ya pili ilikuwa kazi ghali. Nikiiona, najua mwenye meza wa kwanza hakuwa akihesabu senti.

Miduara ya pembeni na vile vishimo ni vya nini?

Pembe zilizotokeza, za mviringo au za mraba, ni mahali pa kuweka vinara vya mishumaa. Michezo ilikuwa ya usiku. Vishimo vilivyochongwa kama kisahani, kimoja kwa kila mchezaji, ni vya fedha au vya vibao vya kuhesabia pointi. Waingereza wanaviita kwa jina la sarafu ya gini, sarafu ya dhahabu iliyoanza kupigwa mwaka 1663 na iliyopewa jina hilo kwa sababu dhahabu yake ya mwanzo ilitoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Ukipitisha kidole kwenye kisahani hicho, kwa kawaida utasikia kwamba ukingo mmoja umelika kuliko mwingine. Ni vidole vilivyokuwa vikiburura sarafu kwa miaka na miaka.

Walicheza nini?

Ombre, mchezo wa watu watatu uliotoka Hispania. Kisha quadrille, wa watu wanne. Kisha whist, ambao ulishika nchi nzima hasa baada ya Edmond Hoyle kuchapisha kitabu chake kidogo cha kanuni zake mwaka 1742. Msomaji wa Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia hapa. Kopa, uru, pau na shupaza ni majina tuliyoyapata kwa Wareno, na neno karata lenyewe pia. Karata zilizofika pwani yetu na ombre iliyofika London zilitoka upande uleule wa Ulaya.

Serikali nayo iliona fedha mezani. Mwaka 1711 kila pakiti ya karata iliwekewa ushuru wa peni sita, na kuanzia 1765 ofisi ya ushuru yenyewe ndiyo iliyochapa ree ya shupaza kuwa ushahidi kwamba kodi imelipwa. Ndiyo maana mpaka leo ree ya shupaza ina mapambo mengi kuliko karata nyingine, ingawa ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1960.

Laka hiyo ni ileile ya China na Japani?

Hapana, na usipolielewa hili unaweza kuiharibu meza ndani ya dakika kumi.

Laka ya kweli ya Asia ni utomvu wa mti mmoja unaoota China, Japani na Korea. Utomvu huo haukauki kama rangi ya kawaida. Unagandishwa na joto pamoja na unyevu: kitu kilichopakwa huwekwa kwenye kabati lenye hewa nyevu, na humo utomvu hubadilika polepole kuwa ngozi ngumu ajabu. Ikishaganda, laka hiyo haiyeyuki kwa spiriti. Ukiwa bado mbichi, utomvu huo huwasha na kuitoa ngozi ya mtu malengelenge. Mti wenyewe haukuota Uingereza, na utomvu haukuweza kuvumilia safari ya miezi baharini.

Mwishoni mwa karne ya 17, hata hivyo, kila mwenye uwezo London alitaka vitu vya laka. Meli za Kampuni ya India Mashariki zilivileta kwa wingi kiasi kwamba maseremala wa London walipeleka malalamiko yao kwa maandishi. Katika hesabu waliyoitoa, meza za chai peke yake zilikuwa 6,582. Wasioweza kununua cha Asia, au waliotaka umbo la Kiingereza kama hili la meza ya karata, walitengenezewa mfano wake nyumbani. Mafundi waliuita kwa jina la nchi waliyoiiga: japani. Kwa hiyo meza yako, ikiwa ni ya Kiingereza kweli, ina japani, nayo ni vanishi ya shelaki. Shelaki inayeyuka kwa spiriti mara moja.

Shelaki hutoka kwa mdudu mdogo wa India na nchi za jirani zake, anayenyonya miti na kujifunika kwa ganda jekundu. Lakiri ya kufungia barua na hati ilitengenezwa kwa ganda hilohilo. Kama umewahi kuona lakiri ikiyeyuka kwenye mshumaa, umeona tabia ya uso wa meza hii: mgumu, unaong'aa, unaovunjika kama kioo, na usiopenda joto.

Basi walifanyaje hasa?

Mwaka 1688 John Stalker na George Parker walichapisha huko Oxford kitabu kinachoeleza kazi hii hatua kwa hatua, kikiwa na kurasa 24 za michoro ya kuigwa. Mapishi yao yanasomeka mpaka leo, na mimi nimejaribu baadhi kwa mikono yangu kwenye vipande vya mbao.

Unaanza na mbao. Kwa kuwa haitaonekana, halikuwa jambo la lazima iwe ya bei. Msonobari na mwaloni vilitosha, na mpea ulipendwa kwa kuwa nyuzi zake zimebana. Mbao yenye vinyweleo ilijazwa kwanza kwa chaki iliyosagwa na kukorogwa na gundi ya ngozi, ikapakwa mara kadhaa na kusuguliwa mpaka iwe laini kama ganda la yai. Kisha inakuja rangi: masizi ya taa kwa nyeusi, zingefuri kwa nyekundu, imechanganywa na shelaki iliyoyeyushwa katika spiriti ya mvinyo. Tabaka linapakwa karibu na moto, linaachwa likauke, linafuata jingine. Baada ya rangi yanakuja matabaka mengi ya vanishi tupu. Mwisho uso unasuguliwa kwa unga laini wa jiwe na mafuta, kwa kitambaa, siku baada ya siku, mpaka uone uso wako mwenyewe ndani yake.

Picha zilikuja baadaye. Mahali pa kuinuka, kama mwamba au kifua cha ndege, palijengwa kwa uji mzito wa gundi ya mti na unga wa mbao, ukachongwa ulipokauka. Juu yake ukanyunyiziwa unga wa shaba, wa bati au wa dhahabu. Angalia kwa lenzi: mistari ya manyoya ya ndege mmoja imechorwa kwa burashi yenye nywele chache sana, na mkono haukutetemeka. Halafu angalia picha nzima. Mvuvi ni mkubwa kuliko nyumba yake, na korongo angeweza kulimeza daraja. Wachoraji wengi wa London hawakuwahi kuiona China. Walichora nchi waliyoijua kwenye vikombe na masanduku, na mimi naona uzuri mkubwa katika hilo.

Nani alizitengeneza?

Nyingi hazina jina. Anayejulikana zaidi kwa kazi ya japani ni Giles Grendey, aliyeishi 1693 hadi 1780 na kuwa na karakana yake Clerkenwell, London. Kazi yake mashuhuri kuliko zote ni seti nyekundu ya samani zaidi ya 70 aliyompelekea Duke wa Infantado, Hispania, katika miaka ya 1730, kwa ajili ya ngome yake ya Lazcano. Vipande vyake leo vimetawanyika; vingine viko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London na vingine Metropolitan huko New York. Mwaka 1731 moto uliunguza karakana yake pamoja na bidhaa zilizofungwa tayari kwenda nje, hasara iliyokadiriwa kuwa pauni 1,000. Nikifikiria kilichokuwemo ndani ya masanduku yale, roho inaniuma.

Kizazi kilichofuata, Thomas Chippendale, seremala mashuhuri wa London, naye alifanya japani. Samani za kijani alizozipeleka Nostell Priory, jumba la kitajiri kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1771 bado zimo mlemle, na ukitaka kuelewa rangi hii inavyoishi ndani ya chumba, nenda ukazione.

Nimesikia sandarusi ya kwetu ilitumika kwenye vanishi za Ulaya. Ni kweli?

Ni kweli kabisa, ila tuiweke mahali pake.

Meza ya mwaka 1735 ilipakwa shelaki ya India. Katika mapishi ya wakati ule utakuta pia utomvu uitwao sandarac, na wengi hudhani ndiyo sandarusi. Majina yanafanana kwa kuwa chimbuko lake ni moja, lakini ule ni wa mti wa Morocco na nchi jirani. Sandarusi yetu ni ya mti mwingine, msandarusi, unaoota pwani ya Afrika Mashariki.

Wakati wake ulikuwa karne ya 19. Sandarusi ya thamani haikutoboliwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mahali palipokuwa na misitu zamani za kale, kwenye mchanga mwekundu wa mrima mkabala na Unguja. Utomvu uliolala ardhini miaka mingi ulikuwa umegeuka mgumu karibu na jiwe. Iliposafishwa ganda lake, uso wake ulionekana una vipele vidogovidogo, na wafanyabiashara wa Ulaya waliulinganisha na ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Iliyotoka mtini moja kwa moja, ambayo bado laini, iliitwa chakazi, na wazungu wakaligeuza neno hilo kuwa jina la punda katika Kiingereza chao cha sokoni. Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanunuzi wakubwa, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani.

Huko Ulaya na Marekani sandarusi ilipashwa moto mkali mpaka iyeyuke, kisha ikatiwa mafuta ya kitani na tapentaini. Vanishi iliyopatikana ilikuwa ngumu na angavu kuliko nyingine zote, na ilipakwa kwenye magari ya farasi na samani bora. Sasa rudi kwenye meza yetu. Meza nyingi za japani zilipakwa upya katika karne ya 19 ili zing'ae tena, na vanishi za mafuta na sandarusi zilikuwa miongoni mwa zilizotumika. Kwa hiyo juu ya shelaki ya India ya mwaka 1735, juu ya mvuvi na korongo, huenda limelala tabaka jembamba lililochimbwa na mikono ya Wazaramo. Mimi siwezi kusikia fundi akisema "tutaikwangua hiyo vanishi chafu" bila kumshika mkono.

Nitajuaje kama ni ya zamani kweli?

Anza chini, usianze juu. Igeuze meza kwa watu wawili, au ulale sakafuni na tochi. Mbao za ndani zisizopakwa zinapaswa kuwa kavu, za rangi ya kahawia iliyofifia, na alama za msumeno ziwe za mistari iliyonyooka. Alama za mviringo ni za msumeno wa mashine, wa baadaye. Skrubu za zamani zilikatwa kwa tupa ya mkono: kichwa hakiko sawasawa, ufa wake haupiti katikati, na ncha ni butu. Skrubu yenye ncha kali iliyofanana na mwenzake ni ya baada ya katikati ya karne ya 19. Skrubu moja mpya si kosa, kwa kuwa bawaba hurekebishwa. Zote zikiwa mpya, uliza.

Mbao husinyaa kwa upana wake zaidi ya urefu wake. Pima meza iliyofunuliwa kwa utepe, pande zote mbili. Kama vipimo vinafanana kabisa hadi milimita, tia shaka.

Udanganyifu ulio mkubwa, na ambao umewanasa hata wauzaji wazoefu, ni meza ya kweli yenye japani ya uongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 laka ilirudi kuwa fasheni, na meza za kawaida za mjozi au mwaloni, halali kabisa kwa umri, zilipakwa rangi na kuchorwa ili zipande bei. Tazama nyufa. Katika meza ya kweli ufa umepasua picha: ndege amekatika vipande viwili na kingo za rangi ni kali. Katika meza ya uongo rangi imeingia ndani ya ufa, maana ufa ulikuwapo kabla ya rangi. Tazama pia mikwaruzo na viraka. Kama vanishi imepita juu yao kwa upole, vilitangulia. Na mahali palipobanduka, tafuta weupe wa chaki. Ukiona mjozi mzuri wenye mawimbi chini ya rangi, jiulize nani angenunua mbao ya bei ile kisha aifiche.

Kuna kifaa kimoja kinachosaidia sana: taa ya UV, ile ya kukagulia noti bandia. Zima taa za chumba, mulika. Shelaki ya zamani hung'aa rangi ya chungwa. Rangi ya kisasa hubaki kimya au hutoa mwanga wa namna nyingine, na viraka hujitokeza kama mabaka. Usijaribu kamwe kwa tone la spiriti wala kwa kuchoma sindano, hata muuzaji akikuambia ndivyo wanavyofanya.

Yangu si nyeusi wala nyekundu, ni kama kahawia au kijani kibichi. Ni rangi gani hiyo?

Vanishi ya shelaki hugeuka njano kadiri inavyozeeka, na unjano huo hulala juu ya kila rangi. Nyeupe huwa malai, buluu huwa kijani, nyeusi huonekana kahawia ikipigwa na jua. Ukitaka kujua meza ilivyozaliwa, tafuta mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika: chini ya bamba la bawaba, au kwenye mkunjo wa mguu unaozunguka. Niliwahi kufungua bawaba ya meza ambayo mwenyewe aliiita ya kijani, na chini yake pakawa na kipande cha ukubwa wa kucha, buluu safi kama bahari ya saa nne asubuhi. Tukaifunga tena bawaba. Hatukubadilisha kitu.

Niisafishe vipi?

Kwa burashi laini ya nywele za mnyama, kavu, ukipeperusha vumbi kuelekea kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ulioushika mbali kidogo. Kama kuna sehemu inayobanduka, usiguse hata kwa burashi.

Usitumie maji, wala ndimu, wala dawa ya kupuliza ya kung'arisha samani. Watu wa pwani tuna mazoea ya mafuta ya nazi kwenye mbao. Hapa yanaganda, yananata na kushika vumbi, na kuyatoa ni kazi ya wiki. Mafuta ya taa vilevile hapana.

Spiriti nimeitaja mara kadhaa, na nitasema kwa nini. Mama mmoja alirithi meza nyeusi kutoka kwa mwajiri wake wa zamani. Alimpa fundi wa samani, mtu mwenye nia njema, aondoe "utando" uliokuwa juu. Fundi alifanya alichofundishwa kwa meza nyingine zote: pamba, spiriti, kusugua kwa mduara. Nilipoletewa, nusu ya ubao wa juu ilikuwa kahawia tupu yenye mawimbi. Mama alikuwa ameihifadhi ile pamba kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa hakuweza kuitupa. Ilikuwa imeganda, nyeusi, na ndani yake zilimeta chembe za dhahabu. Wale walikuwa ndege.

Hata msasa mwepesi ni vivyo hivyo. Katika meza ya mahogani ukiondoa vanishi unabakiwa na mahogani. Katika hii unabakiwa na msonobari na chaki. Ngozi yake ndiyo meza yenyewe.

Imeanza kubanduka. Nifanye nini?

Usiisogeze. Piga picha, okota kila kipande kilichoanguka, hata kidogo kama punje ya ufuta, na ukiweke kwenye bahasha ya karatasi ukiandika kilianguka wapi. Kisha tafuta mhifadhi wa samani, siyo fundi wa kung'arisha. Atapenyeza gundi nyepesi chini ya kipande kwa ncha ya burashi, ataweka karatasi laini ya Kijapani juu, na kukigandamiza taratibu. Kazi hiyo inakwenda sentimita kwa sentimita. Swali la kumpima kabla ya kumkabidhi: muulize atatumia nini kusafisha. Akijibu papo hapo kabla ya kuiona meza, mshukuru na uondoke.

Itavumilia hali ya hewa ya kwetu pwani?

Itavumilia unyevu wa Mombasa au Unguja kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa unyevu wa pwani haubadilikibadiliki sana. Kinachoiua ni kupanda na kushuka. Majumba ya makumbusho huweka unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55 na, zaidi ya hapo, huufanya usitikisike. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi huifanya mbao ipumue kila siku, na chaki iliyo juu yake haijui kupumua, inapasuka. Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani, adui ni joto la ndani wakati wa baridi, linaloikausha hewa. Iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na kiyoyozi, mbali na kipasha joto, na jua lisiipige kabisa.

Kuna vitundu na unga chini yake.

Ni bungua. Vitundu vya zamani havina neno. Unga mpya unaomwagika ni dalili kwamba bado wapo. Usimwage dawa, kwa kuwa nyingi zina viyeyusho vitakavyopanda hadi kwenye vanishi. Itenge na samani nyingine na umwite mhifadhi, ambaye anaweza kuwaua kwa kuinyima oksijeni ndani ya mfuko uliofungwa.

Kitambaa cha kijani kimeliwa na nondo. Nikibadilishe?

Unaweza. Kitambaa kilibadilishwa mara nyingi tangu zamani na mara chache huwa cha kwanza. Sharti ni kwamba gundi iwe ya kuyeyuka kwa maji, na kipande cha kile cha zamani kihifadhiwe.

Yangu ina mguu mmoja katikati na maua ya gamba la chaza linalometa. Ni ya aina hii?

Ni binamu yake wa karne ya 19. Mara nyingi si mbao bali ni karatasi zilizogandishwa kwa gundi na kukaushwa kwenye tanuri, ufundi ambao Henry Clay wa Birmingham aliuchukulia hataza mwaka 1772. Kampuni ya Jennens and Bettridge ya mji huohuo ndiyo iliyoeneza mapambo ya chaza. Vanishi yake ni ngumu zaidi, lakini kanuni za usafi ni zilezile.

Ina thamani gani?

Bei hufuata uso. Japani ya kwanza, hata ikiwa na nyufa, hupita kwa mbali ile iliyopakwa upya ikang'aa. Nyekundu, kijani na buluu ni adimu kuliko nyeusi. Meza mbili zilizozaliwa pamoja zina thamani zaidi ya mara mbili ya moja. Ikiwa ina kipande chochote cha pembe ya ndovu, fahamu kwamba Uingereza tangu Juni 2022 inabana sana biashara hiyo, na hata vitu vya kale vinavyoruhusiwa lazima visajiliwe kabla ya kuuzwa.

Naweza kuichezea karata?

Mara mojamoja, ndiyo, na mimi hufurahi ikichezewa. Bila chai ya moto karibu, maana kikombe kimoja huacha duara lisilotoka. Bila pombe, kwa sababu ambazo umeshazijua. Na mishumaa iwe ya betri.

Kuifungua, isogeze kutoka ukutani kwa watu wawili, mkishika fremu chini, kamwe msishike ubao wa juu. Vuta mguu wa nyuma kwanza mpaka usimame. Kisha inua ubao wa juu kwa mikono miwili, katikati na siyo pembeni, uulaze taratibu mpaka usikie umegusa kichwa cha mguu. Sauti iwe ndogo, ya mbao kwa mbao. Ukisikia bawaba ikilia, simama hapohapo na uirudishe.